Picha ya eksirei: inatoka wapi, inafanya nini mwilini, na nani amshike mtoto?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Mume wangu ana duka la nguo Karatu mjini na tunaishi kata ya Qurus. Mwanetu wa miaka minne amekuwa na kikohozi kwa zaidi ya wiki tatu, na usiku hushikwa na homa. Daktari ameagiza apigwe picha ya eksirei ya kifua. Bibi yake aliyeko Wete amepiga simu kukataza. Anasema miale ile hubaki mwilini na huunguza mifupa ya watoto. Nami nina mimba ya miezi mitatu, na nimeambiwa mtoto atahitaji mtu wa kumshika. Je, inafaa tumpeleke? Na mimi naweza kumshika?

JIBU: Tunamuomba Allah ampe mtoto shifaa ya haraka, na akujaalie wewe kujifungua kwa salama.

Jibu kwa ufupi: mpelekeni mtoto akapigwe picha, wala msicheleweshe. Ama wewe, usimshike. Amshike baba yake au jamaa mwingine asiye mjamzito.

Sasa tuje kwenye sababu. Wanavyuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Watu wengi wa visiwani wanaulizana kuhusu eksirei bila ya kuelezwa ni kitu gani. Kwa hivyo nitaanza na kuifahamu, kisha tutarudi kwenye hukumu.

Miale hii inatoka wapi?

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi na chumba kilikuwa kiza. Hata hivyo kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kikaanza kung'ara. Kulikuwa na miale isiyoonekana inayopenya karatasi. Kwa kuwa hakuijua, aliipa jina la herufi X, ambayo wanahesabu huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kutolewa.

Mashine za leo zinafuata njia ile ile. Ndani yake mna chupa isiyo na hewa. Upande mmoja una uzi mwembamba wa madini ya tangsteni, mfano wa uzi wa balbu za zamani. Umeme ukipita, uzi unakuwa mwekundu kwa moto na chembe ndogo sana ziitwazo elektroni zinachomoka. Upande wa pili mna sahani ya tangsteni. Baina ya pande hizi mbili huwekwa umeme wa nguvu kubwa, kwa kawaida volti 50,000 hadi 120,000, ilhali soketi ya nyumbani ina volti 230 tu. Nguvu hiyo inazivuta elektroni mpaka zinakaribia nusu ya kasi ya mwanga, kisha zinagonga sahani.

Hapo hutokea mambo mawili. La kwanza, elektroni ikipita karibu na kiini cha atomu ya tangsteni huvutwa, ikapinda na kupunguza mwendo ghafla, kama gari iliyofungiwa breki. Nishati iliyoipoteza haipotei bure, bali hutoka ikiwa mwale wa eksirei. La pili, elektroni nyengine huigonga elektroni iliyokaa ndani kabisa ya atomu na kuing'oa. Nafasi ikibaki wazi, elektroni ya tabaka la juu hushuka kuijaza, na katika kushuka huko hutoa mwale.

Lakini kazi hii ina hasara kubwa. Katika kila sehemu 100 za nishati, kama sehemu 99 huwa joto tupu na sehemu moja tu ndiyo miale. Ndiyo maana katika mashine nyingi sahani ile huzungushwa kwa kasi, ili joto lisiichome pahala pamoja. Ule mvumo unaousikia kabla ya picha kupigwa ndio mzunguko wake.

Ukilielewa hili, nusu ya khofu inaondoka. Miale inazalishwa na umeme. Umeme ukikatika, elektroni hazikimbii tena, na miale inakoma papo hapo. Mashine haina akiba ya miale ndani yake wala chumba hakibaki na kitu. Inatofautiana na madini kama urani, ambayo hutoa mionzi yenyewe usiku na mchana bila kuwashwa na yeyote.

Inapokutana na mwili

Eksirei ni jamaa wa mwanga wa jua, ila ina nishati kubwa zaidi. Nayo, kama mwanga, huenda kwa mstari ulionyooka, jambo ambalo Ibn al-Haytham wa Basra alilichunguza kwa mwanga karne nyingi kabla ya Röntgen. Kwa sababu hiyo picha ya eksirei, kwa hakika, ni kivuli. Mashine iko upande mmoja, kibao kinachopokea picha kiko upande wa pili, na mwili uko katikati.

Mwale ukiingia mwilini una hali tatu. Unaweza kupita moja kwa moja bila kugusa kitu, ukafika kwenye kibao na kuacha weusi. Unaweza kumezwa na atomu ya mwili, ukaishia hapo, na pahala pake pakabaki peupe. Au unaweza kugonga elektroni, ukapunguza nguvu na kutawanyika kuelekea pembeni.

Kumezwa kunategemea sana aina ya atomu. Kila atomu ina namba yake: haidrojeni ni 1, kaboni 6, oksijeni 8. Hizi ndizo zilizojaa katika nyama, damu na maji ya mwili. Mifupa ina kalsiamu, ambayo namba yake ni 20. Mtu atadhani tofauti ni ndogo, lakini uwezo wa kumeza hupanda kwa kiasi cha namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Oksijeni ikiwa 8 × 8 × 8, unapata 512. Kalsiamu, 20 × 20 × 20, unapata 8,000. Ndiyo maana mfupa unatoka mweupe na nyama inatoka kijivu. Risasi, ambayo namba yake ni 82, humeza miale kiasi kwamba bamba jembamba linatosha kuwa ngao.

Na mapafu je? Mapafu yamejaa hewa, kwa hivyo miale mingi inapita na picha inatoka nyeusi. Mtoto akiwa na nimonia au kifua kikuu, pale palipokuwa na hewa huingia majimaji au usaha, na panaonekana doa jeupe. Doa hilo ndilo daktari wenu wa Karatu anataka kujua kama lipo na liko wapi. Kwa mtoto wa miaka minne, ambaye aghalabu hawezi kutoa makohozi ya kupimwa, picha hii ina thamani kubwa.

Ninyi mnaoishi ukanda ule mna mfano mwengine. Baadhi ya maji ya mkoa wa Arusha yana madini mengi ya floridi, ambayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Aliyekunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi anaweza kuonekana kwenye eksirei mifupa yake ni myeupe kupita kawaida, kwa sababu floridi imeifanya iwe mizito. Kwa hivyo weupe wa mfupa kwenye picha unaeleza yaliyomo ndani yake, wala si alama ya kuungua.

Khofu ya bibi ina asili

Haifai kumcheka bibi. Miaka ya mwanzo watu waliicheza eksirei bila kinga, na wakaungua. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, aliweka mikono yake mbele ya miale mara nyingi mno, akapata saratani, akakatwa mikono, na akafariki mwaka 1904. Mwale unaomezwa unaweza kukata nyuzi za urithi ndani ya seli. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini kipimo kikizidi, khatari nayo inazidi.

Basi suala ni kipimo. Picha moja ya kifua humpa mtu karibu milisiveti 0.02. Dunia yenyewe, kwa miamba yake, hewa yake na miale inayotoka angani, humpa kila mwanaadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo picha moja ya kifua ni sawa na mionzi ya kawaida ya siku tatu. Nyinyi wa nyanda za juu za Karatu mnapata miale ya angani zaidi kidogo kuliko bibi aliye pwani Wete, na hakuna aliyewahi kuwaambia mhame.

Wala miale haibaki mwilini. Iliyopita imepita, na iliyomezwa imekwisha hapo hapo, kama mwanga wa taa ulioangukia ukuta.

Lakini si kila kipimo ni sawa. Siti skani ya kifua inaweza kufika milisiveti 7, yaani kama picha 350 za kifua. Inapohitajika, ifanywe. Isiombwe kwa ajili ya kujituliza moyo tu. Na picha za zamani zihifadhiwe, msije mkapigwa tena bila sababu.

Kwa nini wewe usimshike?

Kwa sababu ya ile miale inayotawanyika. Inatoka mwilini mwa mtoto na kwenda kila upande, na aliye karibu ndiye anayeipata. Kiasi chake ni kidogo, lakini hakuna haja ya mtoto aliye tumboni kuipata ilhali baba yupo. Baba avae aproni ya risasi na mikono yake isiingie kwenye njia ya miale. Wewe kaa nje ya chumba. Umbali ni kinga: ukiwa mbali mara mbili, kinachokufikia ni robo tu.

Na ikiwa mwanamke amepigwa picha ya kifua kabla ya kujua kuwa ni mjamzito, asitaharuki. Kinachomfikia mtoto tumboni ni chini ya miligrei 0.01, na wataalamu wa kinga ya mionzi wanasema kipimo kilicho chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Anayefikiria kuitoa kwa khofu ya picha moja ya kifua hana hoja, si ya kitabibu wala ya kisharia. Amuone daktari wake na amueleze.

Stara na funga

Wengi hutuuliza haya mawili, nayo majibu yake yamo katika maelezo yaliyopita. Pamba ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, kwa hivyo miale huipita. Mwanamke anaweza kuomba apigwe picha akiwa na vazi jepesi la pamba lisilo na vifungo, zipu wala shanga. Pini, mkufu wa dhahabu na sidiria yenye chuma ndivyo vinavyolazimu kuvuliwa, kwa kuwa chuma kinaacha kivuli. Hata hirizi yenye bati hutoka nyeupe, na hiyo ina mlango wake wa mazungumzo. Kikihitajika kufunuliwa kiungo, kifunuliwe kwa kadiri ya haja tu, na mhudumu wa kike akipatikana ndio bora.

Ama funga, picha ya kawaida haiifunguzi, kwani hakuna kinachoingia tumboni. Lakini kipimo cha tumbo ambacho mgonjwa hunyweshwa dawa nyeupe ya bariamu kinafunguza, kwa sababu amekunywa. Atalipa siku nyengine.

Hitimisho

Mtoto ni amana. Kikohozi cha wiki tatu chenye homa za usiku hakiachwi bila uchunguzi, na kikiwa ni kifua kikuu basi nyumba nzima imo khatarini, pamoja na wewe na mimba yako. Madhara madogo yasiyo ya yakini hayatangulizwi mbele ya madhara makubwa yanayokaribia.

Pia ni haki yenu kuuliza kama mashine ina leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inayozikagua.

Kisha mpigieni simu bibi, mumueleze kwa upole haya mliyoyasoma, na mumuombe dua. Wallaahu a'lam.