Jino Lililoitwa Ulimi wa Nyoka

Katika kisiwa cha Malta watu wa zamani walikuwa wakiokota miambani vijiwe vya pembe tatu, vyenye ncha kali na kung'aa. Waliviita ndimi za nyoka. Walisimulia ya kwamba Mtume Paulo, alipoumwa na nyoka kisiwani humo, aliwalaani nyoka wote, na ndimi zao zikageuka mawe. Basi vijiwe hivyo viliuzwa mpaka nchi za mbali kuwa dawa ya sumu. Wengine walivivaa shingoni, wengine walivitia katika divai kabla ya kuinywa.

Mwaka 1666 wavuvi walimkamata papa mkubwa mno karibu na Livorno, katika Italia. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili, aliamuru kichwa chake kipelekwe Florence kwa Niels Stensen, mganga Mdenmark mwenye umri wa miaka 28. Stensen alikipasua, akayatazama meno kwa makini, akaona ya kuwa yamefanana kabisa na vile vijiwe.

Wako waliosema kwamba vijiwe huota ndani ya mwamba wenyewe. Stensen aliwajibu kwa mfano ambao kila mkulima aujua: mzizi ukiota katika udongo mgumu hupindika huku na huku. Lakini vijiwe hivi havikupindika. Kwa hiyo vilikuwamo kwanza, udongo ungali tope laini chini ya maji, kisha tope likagandamana likawa jiwe. Aliyaandika hayo mwaka 1667. Mwitaliano Fabio Colonna alikwisha sema mwaka 1616 kwamba vijiwe hivyo ni meno, lakini ubishi haukwisha.

Siku hizi sababu ya wingi wake yajulikana. Papa hana mifupa migumu, ana gegedu tu, nalo huoza upesi. Bali meno yake hung'oka na kuota mengine maisha yake yote, hata yakafika maelfu. Makubwa kuliko yote, yapatayo sentimeta 18, ni ya papa aitwaye megalodoni, aliyekwisha toweka duniani zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita.

Wavuvi waliyajua meno ya papa tangu zamani, na wachuuzi walivishika vijiwe kila siku. Vitu vyote viwili vilikuwa mikononi mwa watu. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni mtu wa kuviweka pamoja na kuvilinganisha.