Maneno ya Askari wa Kidachi: Yalitoka Wapi?

Huko Mabira, mkoani Kagera, mzee mmoja alinihakikishia kwamba ombasha, shaushi na hamsa ishirini ni Kidachi kitupu, kwa kuwa marehemu babu yake aliyasikia kwa askari wa Wajerumani. "Mwalimu," alisema, "wewe umesoma Ulaya, wayajua zaidi." Heshima hiyo yanilazimu nijibu kwa ushahidi.

Ombasha ni neno la Kituruki: on ni kumi, baş ni kichwa, yaani mkuu wa watu kumi. Shaushi nalo latokana na çavuş. Vyeo hivyo vilitumika katika jeshi la Misri, na Hermann Wissmann alipoajiri askari wa Kisudani mjini Cairo mwaka 1889, walikuja navyo. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani wa Emin Pasha akawatia katika utumishi wa Waingereza huko Uganda. Ndiyo sababu vyeo vya Kituruki vilisikika kusini na kaskazini ya mto Kagera, katika majeshi mawili yaliyopigana tangu 1914 hata 1918. Lau vingekuwa vya Kidachi, Waingereza wasingalikuwa navyo.

Hamsa ishirini, idadi ya viboko, huwapoteza hata wasomi, kwani Mjerumani naye hutanguliza tano kabla ya ishirini: fünfundzwanzig. Lakini sauti zake ni za Kiarabu, na hesabu hiyo ilijulikana pwani kabla Wadachi hawajatia mguu. Kufanana kwa mpangilio si uthibitisho wa nasaba.

Kijerumani, basi, kilituachia nini? Kilituachia shule, kutoka Schule, na hela, kutoka Heller, sarafu iliyoanzishwa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Mwisho wa Heller hutamkwa karibu na a, na sikio la Mswahili lilipokea hivyo. Zanzibar, isiyotawaliwa na Wadachi, husema skuli. Maneno haya ni ya darasani na sokoni, si ya kambini. Kambini maofisa ndio waliojifunza Kiswahili ili waamrishe. Na Kijerumani chenyewe kikaazima Askari na Safari.

Mzee wangu hakukosea juu ya nani aliyeamuru viboko, na ukumbusho huo tusiupuuze. Alikosea nasaba ya neno tu. Wachunguzi wa lugha yafaa tuyatenge mambo haya mawili: kinywa kilichotuletea neno si lazima kiwe ndicho kilicholizaa.