NGITILI NI AKIBA, NAYO YAHITAJI DAFTARI
Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Kila mwanachama wa chama cha msingi anaijua maana ya mfuko wa akiba. Katika mwaka wenye ziada, sehemu ya ziada hiyo hutengwa wala haigawiwi, ili chama kiweze kuvuka mwaka mbaya. Chama kinachokula akiba yake huweza kuonekana kizima kwa muda. Lakini msimu mmoja ukiharibika, ofisi hufungwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba ardhi nayo ina mfuko wake wa akiba, na kwamba hapa Usukumani mfuko huo una jina la tangu zamani: ngitili.

Ngitili ni nini?

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, aghalabu mwezi wa Novemba au Desemba, lisiingizwe mifugo mpaka kiangazi kikolee, mwezi wa Julai au Agosti. Wakati huo majani ya kwingineko yamekwisha. Ndipo ngitili hufunguliwa kwa zamu, kipande baada ya kipande, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wanyama dhaifu na maksai wa kulimia. Ziko ngitili za kaya, na ziko za kijiji au za taasisi kama vile shule.

Mkulima wa pamba na alizingatie jambo hili. Maksai waliokonda hawawezi kuvuta plau mvua za kwanza zikinyesha, na shamba lililochelewa kulimwa huchelewa kupandwa. Kwa hiyo majani ya ngitili huingia katika mizani ya pamba, ingawa hayaandikwi katika stakabadhi yoyote.

Jinsi ardhi ilivyofilisika

Tangu miaka ya 1920, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikakatwa pasipo kupandwa miti mingine. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wengi walihamia makazi mapya, wakaziacha ngitili zao bila mwenye kuzilinda. Ilipofika mwaka 1986, ngitili zilizosalia katika mkoa mzima zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu, na mkoa ulikwisha kuitwa jangwa la Tanzania.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Jani hulisha mzizi. Likiliwa kila linapochipua, mzizi hukosa chakula, hupungua, na mwisho hufa. Udongo ulioachwa wazi hukanyagwa na kwato ukawa mgumu. Maji ya mvua hayazami bali hukimbia, yakichukua tabaka la juu lenye rutuba. Hapo mvua huweza kunyesha vizuri na nchi ikabaki kavu.

Ardhi ikifungwa, mwendo hugeuka. Majani makavu hufunika udongo, maji huzama, na mizizi hupata nguvu. Zaidi ya hayo, visiki vya migunga na miti mingine iliyokatwa zamani mara nyingi bado vina uhai chini ya ardhi. Vikiachwa, huchipua vyenyewe. Kazi kubwa ya mwanadamu hapo ni kuchagua machipukizi, kupunguza matawi, na kuzuia mifugo na moto.

Mafanikio ya HASHI

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliofanya kazi hadi mwaka 2004. Hapo mwanzo wataalamu walitilia mkazo upandaji wa miche kutoka vitaluni. Hatimaye ilidhihirika kwamba njia iliyokubalika zaidi ni ile ambayo wazee waliijua tayari. Vijiji vilitunga kanuni, dagashida zikatoa hukumu kwa desturi, na sungusungu wakalinda. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji 172 ulihesabu ngitili zaidi ya 18,000, zenye jumla ya hekta zipatazo 78,000. Mradi ulipomalizika, ngitili za mkoa mzima, ambao wakati huo ulijumuisha na wilaya ambazo leo zimo katika Mkoa wa Simiyu, zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Faida haikuwa majani tu. Kuni zilipatikana karibu, na akina mama wakapunguziwa mwendo. Zilipatikana pia nguzo, dawa za miti, matunda, asali na majani ya kuezekea. Baadhi ya vijiji viliuza mazao ya ngitili ya kijiji na kujengea madarasa.

Palipoharibika

Hata hivyo, kilichorudi kwa miaka ishirini huweza kuondoka kwa miaka miwili. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Chama hicho kilikabidhiwa na kijiji kazi ya kusimamia ngitili ya pamoja. Katika daftari la fedha niliona kiasi kilichoandikwa "mapato mengineyo". Nilipoomba stakabadhi, hazikuwapo. Nilipoomba muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo ya nguzo, haukuwapo. Katibu hakuwa mwizi. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwamo sandukuni. Lakini wanachama hawakuwa na njia ya kulijua hilo.

Minong'ono ilianza. Mmoja alisema, "Wakubwa wanakata, nami nikate changu." Tanuri za mkaa zilionekana usiku, na sungusungu hawakuwa tena na moyo wa kumkamata jirani. Nilipofika tena baada ya misimu miwili, palibaki visiki. Mzee mmoja wa halmashauri ya chama aliniambia, "Bwana Mkaguzi, ng'ombe hawakuimaliza ngitili yetu. Imemalizwa na daftari." Sikuwa na neno la kumjibu.

Wajibu wa Katibu na wa mwanachama

Kwa hiyo, kwa chama chochote kilichokabidhiwa ngitili, yafaa yafanyike haya:

1. Mipaka iandikwe na kuonyeshwa kwa alama mbele ya majirani wote, na makabidhiano yaingizwe katika muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

2. Kanuni zieleze tarehe za kufunga na kufungua, zamu za kulisha, na adhabu. Sheria ndogo za kijiji hazina budi kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Bila hivyo, faini huweza kupingwa.

3. Kila senti ya malisho, nguzo, asali au faini itolewe stakabadhi, na mapato ya ngitili yawe na ukurasa wake katika leja.

4. Hesabu zisomwe hadharani walau mara mbili kwa mwaka: siku ya kufunga na siku ya kufungua.

5. Wajane, vijana na wasio na mifugo wapangiwe haki yao ya kuni, asali na majani ya kuezekea. Asiyepata chochote katika ngitili hana sababu ya kuilinda.

Mwanachama naye asingoje mkaguzi. Ana haki ya kuuliza mkutanoni, na Katibu mwema hufurahia swali, kwa kuwa jibu lake limo daftarini.

Siku hizi mkaa una soko mijini, mashamba yanagawanywa kwa warithi, na mifugo inahitaji nafasi. Shinikizo hilo halitaondoka kwa maombi yetu. Nalo halishindwi na ulinzi wa usiku peke yake. Kwanza watu waaminiane. Kabla mvua zijazo hazijaanza, kila Katibu na afungue daftari la ngitili, aone kama mgeni akilisoma ataelewa nani aliingia, alilipa nini, na fedha zimekwenda wapi. Akikuta kurasa tupu, aanze kazi hapo.