Simfonia Moja, Rekodi Tatu

Okestra ya Kizungu ikisikika redioni, wasikilizaji wengi wa Bombambili na mitaa mingine ya Songea hubadilisha stesheni kwa kudhani muziki ule unadai elimu wasiyo nayo. Lakini sikio linalohitajika wanalo tayari. Wimbo wa Taifa wanaujua kwa sura nyingi: wanafunzi huuimba mstarini bila ala yoyote, bendi huupiga kwa matarumbeta kwenye sherehe, na wachezaji wa Zambia au Afrika Kusini wakisimama kuimba wimbo wao, inasikika tuni ileile aliyoitunga mwalimu Enoch Sontonga mwaka 1897, maneno yakiwa mengine. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba hapa wamevuta, pale wameharakisha, na kule besi imezidi. Uwezo huo wa kulinganisha ndio njia ya uhakika ya kuielewa simfonia. Anayeanza asihangaike na simfonia kumi. Achague moja, aisikilize katika rekodi tatu.

Simfonia ni tungo ndefu ya okestra, mara nyingi yenye sehemu nne, na kwa kawaida haina maneno. Kukosa maneno ndiko kunakotutatiza, maana tumezoea wimbo utuambie jambo. Chukua Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Inaanza na sauti nne, tatu fupi na moja ndefu, na karibu sehemu yote ya kwanza imejengwa juu ya hizo nne. Juu ya ile ndefu mtunzi aliweka alama ya kuishikilia, lakini hakuandika ishikiliwe kwa muda gani. Wilhelm Furtwängler, aliporudi kuiongoza okestra yake ya Berlin Mei 1947 baada ya vita, aliivuta kwa uzito. Carlos Kleiber, katika rekodi aliyoifanya na okestra ya Vienna mwaka 1974, anaingia kwa kasi na ukali. Aliyesikia rekodi moja tu hawezi kujua kipi kimetoka kwa Beethoven na kipi ni uamuzi wa mwongozaji. Aliyesikia mbili ameanza kuvitenga, na kuelewa kunaanzia hapo.

Tofauti hizi zina sababu zake, na kuzitafuta sababu kunafundisha zaidi ya kuzisikia tu. Katika sehemu hiyohiyo ya kwanza, tuni ya pili inatanguliwa na mwito wa baragumu. Mwito huo unaporudi baadaye, Beethoven ameuandikia basuni, ala ya mbao yenye sauti nzito, kwa kuwa baragumu za wakati wake hazikuwa na vali na zisingeweza kuzitoa sauti hizo bila shida. Baragumu zilipopata vali, waongozaji wengi waliurudisha mwito kwao, wakiamini ndivyo mtunzi angependa. John Eliot Gardiner na wenzake wanaotumia ala za zama za Beethoven wanauachia basuni. Mwendo nao una mgogoro wake. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha vipimo vya kasi ya simfonia zake nane za kwanza kwa metronomu, chombo cha kupimia mwendo, na vya Simfonia ya Tisa vikafuata baadaye; kwa zaidi ya karne waongozaji wengi wakaviona vya haraka mno. Ndiyo maana Simfonia ya Tisa ilimchukua Furtwängler takriban dakika 74 huko Bayreuth mwaka 1951, ilhali Gardiner anaimaliza kwa takriban dakika 60.

Msomaji atauliza: kwa nini nisitafute rekodi moja iliyo bora, nikamaliza? Swali ni halali, kwa sababu si kila tofauti ni ya kisanii. Arthur Nikisch aliporekodi Simfonia ya Tano Berlin mwaka 1913, maikrofoni za kurekodia zilikuwa hazijaanza kutumika; wapigaji walijibana mbele ya pembe ya kukusanyia sauti, na kazi nzima ikakatwakatwa, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulichukua dakika chache tu. Ukungu wa rekodi ile ni wa mtambo, haumhusu Nikisch. Lakini nota ni maagizo yasiyotimia mpaka mtu ayapige, na kila anayeyapiga huchagua kimoja na kuacha kingine. Kwa hiyo hata rekodi bora kuliko zote itakuwa imeacha kitu. Wengine watasema anayeanza atachanganyikiwa. Hilo linazuilika kwa utaratibu: asikilize rekodi moja mpaka aweze kuivumisha tuni kuu mdomoni, kisha ndipo aende ya pili. Gharama ya bando nayo si kikwazo kikubwa, maana sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano ni ya dakika saba au nane, na faili la sauti hupakuliwa mara moja likasikilizwa hata mara mia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba muziki huu si wetu, na muda huo ungefaa kutumiwa kwa lizombe na mganda. Ngoma hizo zinastahili usikivu uleule, na anayezoea kulinganisha atazisikia vizuri zaidi. Tena mpaka kati ya chetu na cha wageni hauko wazi kama unavyodhaniwa: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kuimba kwa sauti nne kumekuwa mali ya kwaya za Ruvuma kwa vizazi. Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha mwaka 1994 okestra ya simfonia ya waumini wa Kanisa la Kimbangu, na filamu ya mwaka 2010 iliwaonyesha wakiifanyia mazoezi Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Okestra hiyo haikuomba ruhusa Ulaya. Iliamua yenyewe namna ya kuipiga kazi hiyo. Msikilizaji wa Songea naye ana haki hiyohiyo ya kuamua. Akishalinganisha rekodi tatu ataweza kusema ipi anaipenda na kwa nini, na kwenye hiyo "kwa nini" atakuwa ameacha kuwa mgeni wa muziki huu.