Kaya ya Waa na Haki ya Kuulizwa

Msafiri avukaye Likoni akashika barabara ya Lunga Lunga huikuta Waa baada ya Ng'ombeni na kabla ya Tiwi, na aghalabu hupita mbio, moyo wake umekwisha kufika Diani, asitambue ya kwamba upande wake wa kushoto, baina ya minazi na bahari, upo msitu mdogo ambao wazee wa Kidigo waliutunza kwa ada na miiko tangu zamani, kabla ya kuwako idara yoyote ya misitu katika nchi hii. Hiyo ndiyo Kaya Waa. Na maadamu ardhi ya pwani imepanda thamani hata kila kipande kikawa na wa kukitamani, nani aulizwe kabla ya kukatwa shauri juu ya msitu huo, ufuo wake na bahari iliyo mbele yake, ni jambo zito lisilofaa kuachiwa watu wachache, hata wakiwa wenye elimu na nia njema.

Kisheria haki hiyo haina shaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeufanya ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha katika kazi zake. Lakini baina ya haki iliyoandikwa na haki iliyotendwa pana masafa, nayo hupimwa kwa mambo yaonekanayo madogo: tangazo limebandikwa wapi, mkutano umewekwa saa ngapi, na ni lugha gani iliyosemwa mbele ya mama ambaye fikra zake humjia kwa Kidigo.

Mfano wa kuhuzunisha hauko mbali. Mwaka 1995 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Kwa sheria, hifadhi si sawa na bustani ya bahari, kwani katika bustani uvuvi wote hukatazwa, ilhali katika hifadhi mvuvi mwenye mshipi, lema na ngarawa huruhusiwa kuendelea na kazi yake kwa kanuni. Na tofauti hiyo ingetosha kuwa msingi wa mapatano, lau ingezungumzwa mapema na kwa utulivu. Wavuvi waliletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Walikuwa na habari za Kisite, kule Shimoni, ambako bustani ilikuwapo tangu miaka ya 1970, na za Mombasa, ambako wenzao walifungiwa maji waliyoyarithi kwa baba zao. Wakahofu kwamba kanuni hizo zingekuwa mlango wa kunyang'anywa riziki, wakapinga kwa nguvu, na hifadhi ikabaki miaka mingi jina tu katika gazeti la serikali. Mimi siwalaumu. Anayeelezwa baada ya hukumu kupita ameamriwa, hakushauriwa. Na hasara iliwafika wote, kwa kuwa nyavu za juya, ambazo wavuvi wa mitego wenyewe walizilalamikia kwa kuvunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga, ziliendelea kuburutwa pasipo mapatano ya kuzizuia.

Gazi, karibu na Msambweni, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni ndio wanaoamua matumizi ya fedha zipatikanazo, ambazo zimewaletea maji na kusaidia shule. Kaya Kinondo nayo, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Mijikenda, hupokea wageni kwa masharti ya wazee: mgeni hujifunga kaniki, hufuata mwenyeji wake, wala hachumi jani.

Basi Waa ishauriwe vipi? Wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza. Baraza likiitishwa saa hizo, wanaoijua pwani kuliko wote watakuwa hawapo. Ingefaa likae siku za maji mafu, baada ya sala ya alasiri, na katika majira ya kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi wakawa nchi kavu. Wazee wa kaya watangulizwe kwa heshima yao, lakini wasifanywe ndio kaumu nzima. Wanawake waokotao kuni wasiketishwe nyuma wakangoja kupiga makofi, na vijana wanaoshutumiwa kukata miti waitwe kwa majina yao, kwa sababu hakuna zuio litakalodumu bila ridhaa yao, wala si insafu kumzuia mtu tanuri lake la makaa pasipo kumuuliza atakula nini.

Kisha kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe kwa sauti katika baraza la pili, pamoja na jibu la serikali kwa kila rai, iliyokubaliwa na iliyokataliwa, na sababu yake; nayo ramani ya msitu itundikwe ofisini kwa chifu muda wa kutosha, mkulima aliyepakana na kaya apate kuweka kidole juu ya shamba lake, akubali au atete, kabla nguzo za mipaka hazijachimbiwa.