Sura yako wanaiuza shilingi ngapi?

Msomaji, hebu siku moja liangalie vizuri bango linaloomba michango. Mara nyingi utamkuta mama. Hatazami kamera, anatazama mbali, mkono shavuni, watoto wamemng'ang'ania. Hana hereni wala poda. Ukijistukia, mkono wako uko mfukoni! Mimi huwa najiuliza: huyo mama ni nani, na yeye kaambulia nini?

Mtindo huo umetoka mbali. Machi 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange aliingia kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere. Baridi ilikuwa imeua mazao, watu wana njaa. Lange alikuwa kaajiriwa na serikali ya Marekani, na picha zake hazikuwa za kumbukumbu tu. Zilitakiwa ziwashawishi wananchi wakubali wakulima waliofilisika wasaidiwe. Akamwona mama wa miaka 32 kwenye hema. Akapiga picha chache, huku akisogea karibu. Ile iliyokuja kuvuma, watoto wawili wamegeuzia nyuso nyuma, kichanga kiko mapajani, kwa hiyo jicho lako halina pa kukimbilia ila usoni kwa mama. Jina lake hakuuliza.

Picha zilipotoka gazetini San Francisco, serikali ikapeleka kambini kama tani tisa za chakula. Lakini yule mama na wanawe walikuwa wameshaondoka, bwana! Shibe ikawa ya wengine.

Mpaka 1978 ndipo dunia ikamjua kwa jina: Florence Owens Thompson, Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee. Alisema wazi kwamba anatamani asingepigwa picha ile, maana hakupata hata senti. (Kwa haki, Lange naye haikumtajirisha, kwani ilikuwa mali ya serikali.) Mwaka 1983, mama akiwa mahututi, wanawe wakaomba msaada, na watu wakachanga zaidi ya dola 30,000 kwa sababu ya picha ile ile. Alifariki mwaka huo huo. Mwaka 1998 sura yake ikawekwa kwenye stempu ya senti 32.

Wenye maduka nao hawakulala. Waligundua kwamba mrembo anayetabasamu watu humtilia shaka, ila mtu anayeumia kweli wanamwamini. Mwaka 1990, huko Ohio, mwanafunzi Therese Frare alimpiga picha kijana David Kirby akiwa anakata roho kwa ukimwi, baba yake kamkumbatia. Jarida la Life likaitoa, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1992 kampuni ya Benetton ikaitia rangi, ikabandika nembo yake ya kijani pembeni, ikaifanya tangazo. Tangazo la masweta!

Kelele zilizozuka, we acha tu. Majarida mengine yalikataa kabisa kulichapisha. Hata mimi damu ilinichemka niliposoma habari hiyo, hasa kwa kuwa Kirby alikubali kupigwa kwa sharti kwamba mpigaji asijitajirishe. Lakini wazazi wake ndio walioiruhusu kampuni. Walitaka watu wauone ukimwi kwa macho, na walisema kwamba Benetton haikuwatumia wao, bali wao ndio walioitumia Benetton. Hapo ninanyamaza. Sweta lao nisingenunua, ila wazazi wale waliulizwa, wakajibu. Thompson nani alimuuliza?

Siku hizi wapo waliokwepa hata hilo swali. Wengine wanakodi mwigizaji, wanampaka vumbi, wanamwambia atazame mbali. Na wengine wanaiagiza kompyuta, inawachorea mama kamili, mkono shavuni, watoto mabegani. Huyo hatadai senti wala kuandika barua ya kulalamika, maana hajawahi kuzaliwa.