Utangulizi: Syokimau na Historia ya Abiria wa Kila Siku

Vitabu vingi vya reli ya Kenya huishia Kisumu, Desemba 1901, pale njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipofika ziwani. Ni hadithi tamu, sikatai: simba wa Tsavo, vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India ambao takribani 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijakwisha, wabunge wa London wakipiga kelele juu ya gharama. Charles Miller aliisimulia kwa mbwembwe mwaka 1971, na wengi wameirudia tangu hapo. Lakini karani anayepanda treni Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, alfajiri, mkoba begani na macho bado mazito, hana nafasi ndani ya vitabu hivyo. Huyo ndiye tunayemfuata sisi.

Msomaji aliyezoea historia ya Uingereza atakuja na picha moja kichwani: stesheni hujengwa kwanza, mtaa ukafuata. Surbiton ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Mwaka 1838 reli ya kutoka London ilipita kando ya mji wa Kingston, stesheni ikawekwa penye mashamba, na nyumba zikaizunguka. Karne iliyofuata, Metropolitan Railway ilikuwa ikitangaza nyumba za nje ya London na treni ya kuzifikia kwa pumzi moja.

Nairobi mambo yalikwenda tofauti. Reli ilifika Mei 1899, mji wenyewe ukazaliwa kandokando ya yadi yake, na bado kwa miongo mingi hapakuwa na umati wa watu wa kwenda kazini kwa treni na kurudi jioni. Tusikimbilie kulaumu uchache wa mabehewa. Jibu liko kwenye sheria za makazi. Mfanyakazi Mwafrika alibeba kipande, yaani pasi ya kazi, akapangiwa mahali pa kulala, na kwa wengi wa reli mahali hapo palikuwa landi (makazi ya wafanyakazi wa reli) za Muthurwa au nyumba za Makongeni, mara nyingi bila mke wala watoto. Aliyelazwa umbali wa kutembea kwa miguu hahitaji tikiti. Ndiyo maana mwanafunzi wa somo hili husoma historia ya nyumba kabla ya historia ya injini, na mimi humshuku kila anayeanza na injini.

Stesheni tunazoziita leo za vitongoji zilikuwa na kazi nyingine. Njia ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 1913, ilitumikia mashamba ya walowezi. Ruiru na Kahawa zilikuwa vituo vya shamba, si vya karani. Kibera palikuwa makazi ya askari Wanubi na jamaa zao. Baada ya uhuru watu wakaja jijini kwa wingi, wakakaa walipopata, na stesheni hizo zikajikuta zimezungukwa na watu ambao hazikujengwa kwa ajili yao. Githurai inalionyesha hili waziwazi, kwa kuwa soko limemwagika hadi kwenye reli yenyewe. Honi ikilia, mwenye nyanya anakunja turubai, anavuta mafungu yake pembeni, anasimama hatua chache kutoka kwenye behewa linalopita. Behewa la mwisho likishapita, turubai limesharudi chini. Mhandisi huliita soko hilo uvamizi wa ardhi ya reli. Mwanahistoria hana budi kuuliza pia nani alimvamia nani, na lini.

Sasa Syokimau. Stesheni hii ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, na tofauti yake na zile za zamani ni kwamba ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya msafiri wa kila siku, ikiwa na uwanja wa kuegesha magari ili mtu aache gari lake hapo, akwepe foleni ya Barabara ya Mombasa. Hata hivyo, nyumba ndizo zilizotangulia. Watu wa kipato cha kati walikuwa wameshanunua viwanja na kujenga. Mwaka mmoja tu kabla ya uzinduzi, Novemba 2011, nyumba kadhaa za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zilisimama kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Zaidi ya hayo, mtaa huo uko Mavoko, Kaunti ya Machakos. Mkazi wake anafanya kazi kaunti moja na kulala nyingine, na ni treni inayomshonea siku yake.

Jina nalo lina uzito wake. Syokimau alikuwa nabii wa Wakamba, na masimulizi husema aliona nyoka mrefu akitoka maji hadi maji kabla reli haijafika. Wakikuyu husimulia jambo linalokaribiana na hilo kuhusu Mugo wa Kibiru. Masimulizi haya yaliandikwa baada ya tukio, kwa hiyo hayatufai kama ushahidi wa utabiri. Yanatufaa sana kama ushahidi wa namna watu walivyoikaribisha, au kuiogopa, reli ndani ya historia yao wenyewe.

Usikwepe upande wa ufundi. Kwenye njia moja, treni mbili haziwezi kupishana ila penye njia ya pembeni, na hilo linasaidia kueleza kwa nini ratiba ya Nairobi hasa hupeleka watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Treni ya kuvutwa, ikifika mwisho, injini hufunguliwa, huzungushwa, hufungwa upande wa pili, na dakika zinakwenda. Mwaka 2020 Kenya ilipata treni 11 zenye chumba cha dereva kila ncha, zilizokwishatumika kisiwani Mallorca, Hispania. Ziliingia kwenye reli zetu bila shida kwa sababu Mallorca nako reli ina upana wa mita moja. Reli mpya ya SGR (Standard Gauge Railway), iliyoanza Mei 2017 na yenye kituo chake kikuu hapohapo Syokimau, ina upana wa milimita 1,435. Ndiyo maana abiria wa kutoka Mombasa hushuka na kupanda treni nyingine kwenda katikati ya jiji. Dar es Salaam ina kisa chake: treni za jiji zilizoanza Oktoba 2012, ambazo wananchi waliziita za Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi, zilikwenda kwa njia mbili zisizoingiliana, moja ya upana wa mita moja na nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye milimita 1,067.

Anayetaka kuanza aende Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, akatazame tikiti za kadi ngumu na daraja zilizoandikwa juu yake. Kisha achukue ratiba yoyote ya zamani na aisome kuanzia safu ya mwisho, aone treni ya jioni iliondoka saa ngapi, halafu aulize dukani, kiwandani na ofisini nani alikuwa ameshatoka kazini saa hiyo na nani alikuwa bado.